Kuhesabu Abiria

Wamenipa kidude cha chuma kinachoenea kiganjani,
ukikibonyeza kinasema *tik*, namba inapanda,
na karatasi ya safu tatu: kapanda, kashuka, saa.
Siku tatu, wakasema. Hesabu vichwa, Orie,
mengine yaache yalivyo.

Behewa ni moja tu, la dizeli,
rangi yake ya siagi imebabuka
pale matawi ya mierezi yanapolikwaruza kila siku.
Linaondoka Kusabira saa kumi na mbili na dakika nane asubuhi
likikohoa kama mtu anayetaka kuomba radhi.
Kushoto mlima. Kulia mto Nagusa, umejaa, kijani,
na reli katikati, imejikunyata
kama mtoto aliyelazwa kati ya kaka wawili wanene.

Stesheni ya kwanza: hakuna.
Ya pili: hakuna, ila paka juu ya benchi,
na kuna mtu aliyemshonea kimto.
Ya tatu, Bi Mutsuko Haga, anakwenda kusafishwa damu,
figili mbili za nesi zimechomoza kapuni.
*Tik.*
"Wewe ndiye uliyetumwa kuifunga?"
Mimi nahesabu tu, mama.
"Mshika miguu ya kuku," akasema, akitafuta miwani,
"naye kachinja."

Handaki. Kioo kikanirudishia uso wangu, sikuutaka.
Handaki lilipokwisha, mvulana na tromboni yake,
sanduku limepewa kiti, yeye kasimama.
*Tik*, mara moja. Nilisita kidogo.

Bwana Nozue hupanda Iwakuri na haendi popote.
Hufika mwisho, hunywa kahawa ya mkebe, hurudi.
Kwenye kona ya bwawa huvua kofia.
Chini ya maji yale liko jiko la mama yake,
na shule, na reli ya kwanza, mama wa hii tunayopita.
"Agosti kukiwa na ukame," akaniambia,
"nguzo ya lango la shule huchomoza
kama jino la mtoto."
Kwenda, *tik*. Kurudi, *tik*.
Safu ya kofia haimo.

Siku ya pili ilinyesha. Tulitambaa.
Dereva Sugae, glavu nyeupe, kila taa aliinyooshea kidole
akatamka kwa sauti, "Njia i wazi!"
na nyuma yake tulikuwa mimi na mwavuli uliosahauliwa.
Kwenye matuta ya mpunga mwanamke aliyevaa plastiki
aliinua jembe kutusalimu.
Kidole changu kilitaka. Nilikizuia.
Thelathini na mmoja jana. Leo kumi na tisa.

Siku ya tatu Iwakuri walikuwa wamejipanga,
viatu vimepakwa rangi, akina mama wamevaa lulu za harusini,
muuza tofu, mafundi wawili wa paa,
mtoto mgongoni, mtoto mwingine mgongoni.
Wanakwenda wapi? Stesheni moja mbele.
Wakashuka, wakavuka reli, wakangoja, wakarudi.
Bi Haga, ambaye hiyo haikuwa siku yake ya damu,
alipanda na kofia ya majani,
akapanda na kitambaa cha buluu,
mara ya tatu na helmeti ya zimamoto ya marehemu mumewe,
akakaa mbele yangu, kimya, mikono mapajani,
macho nje kama mgeni anayeuona mto kwa mara ya kwanza.

Nilimtazama.
Nilitazama kidude.
Niliambiwa vichwa; sikuambiwa vya nani.
*Tik.*

Treni ya mwisho ilirudi tupu, taa zinawaka bure,
Sugae akinyooshea kidole giza
na giza likipita sawasawa.

Sasa karatasi iko mezani, chai imepoa.
Thelathini na mmoja. Kumi na tisa. Mia na nne.
Kesho mkuu ataweka kalamu juu ya namba ile
aniulize kulikuwa na nini.
Nitasema sikukuu.
Ataniuliza ipi.