Kikombe cha Kumi na Tisa

Mwaka ule wa vita sukari ilipimwa kwa kijiko cha dawa,
nami, mpika chai wa jumba la baraza pale Entebbe,
nilizijua habari kabla ya redio.

Vyama vinne viliingia kwa mlango mmoja.
Watu wa Okwir walitaka chai ya rangi.
Watu wa Sebugwawo, maziwa ya moto, tena kwa birika lao.
Dralega alikunywa tangawizi,
bastola ameilaza kando ya sahani kama kijiko.
Na wale wa kanisani, viti viwili tu,
walikunywa chochote, wakaomba kingine.

Vikombe kumi na tisa.
Cha mwisho, chenye ufa karibu na mkono,
kilikuwa cha Waziri Mkuu.
Hakuwa na chama cha kutisha mtu; ndiyo maana wakamchagua.
"Tumekubaliana," alisema Okwir siku ya kiapo,
na mimi mlangoni, na sinia,
nikasikia: tumechoshana.

Yosiya Barongo, mwalimu wa hesabu kutoka Hoima.
Usiku mizinga ilipoanza kusikika upande wa Masaka
alikuja jikoni miguu mitupu.
"Nyangoma, sukari imebaki magunia mangapi?"
Mawili na nusu, mzee.
Akaandika. Waziri Mkuu mzima,
akaandika na ile nusu.

Adui aliporudishwa nyuma, soko la Kitoro lilipiga sufuria,
wauza samaki wakaliita jina lake
mpaka sauti zikakauka.
Ndani ya baraza hakuna aliyepiga kitu.
Nilikusanya vikombe vimejaa, vimepoa,
na utando juu.

Kisha yakaja malori saba ya chumvi.
Kila chama kilikuwa na watu wake, na watu wana vyungu.
Mwalimu akasimama kama yuko mbele ya ubao:
"Saba kwa nne. Kila mmoja moja, yanabaki matatu,
na hayo matatu ndiyo yatakayotuua."
Akayapeleka yote saba kwa majeruhi, hospitali ya Masindi.
Askari wa lango, zamu ya usiku, wakatunga:

    Saba haina mgao,
    kasema mwalimu wao,
    vyama vikataka yao,
    chumvi ikaenda wodi.

Walicheka. Mimi pia nilicheka.

Mtumi wa kunga haambiwi maana;
basi, lakini sinia lina masikio.
Jumatatu, birika la Sebugwawo liliombwa nyumbani kwa Okwir.
Jumanne halikurudi.
Jumatano, Okwir, ambaye kwao maziwa ni ya ndama na wagonjwa,
alinitazama usoni akasema:
"Leo nitilie maziwa."
Mkono wangu ukatetemeka.
Nikamtilia.

Kura haikuchukua muda wa chai kupoa.
Mikono ilipanda, mmoja ukiutazama mwingine.
Mzee mmoja wa kanisani alikishika kikombe kwa mikono miwili,
akikikumbatia,
asibaki na wa kunyanyua.
Barongo alihesabu kwa kalamu, mmoja mmoja,
akarudia kuanzia upande wa dirisha.
"Kumi na saba," akasema. "Ni sahihi."

Aliondoka kwa pikapu ya kuazima, mvua haijakatika,
sami wa ziwani wamejibandika kiooni
hata dereva akaendesha kichwa nje.
Jikoni aliacha karatasi iliyokunjwa:
vijiko vyake vya mwezi mzima, hakuvinywa,
na hesabu yake juu, kwa penseli,
ameipigia mstari chini mara mbili.

Mizinga haikujua kama serikali imebadilika.
Asubuhi yake karani alikuja na agizo jipya:
vikombe kumi na nane, visivyo na ufa.

Nikapika kwa mazoea.
Yakabaki birikani maji ya mtu mmoja.
Nikayanywa mwenyewe, bila sukari, nimesimama.