Kopo la Mvua

Siku tisa mfululizo, na ya kumi kweupe.
Mto Lugg umerudi kwake kama mlevi,
umeacha matope kwenye geti la kila mtu.

Gwilym yuko wodini, Hereford. Kaniachia kazi:
kusoma kopo lake la mvua,
kujaza sahani ya ndege,
na viazi, "vichimbe kabla havijaoza, bibie."

Vimeoza. Si vyote. Nazamisha mkono
kwenye udongo unaonyonya kama ndama,
nainua kimoja kizima, kingine uji.
Konokono wasio na nyumba wameila saladi
mpaka kwenye kikonyo, wakalala humo humo,
wameshiba, hawana habari.
Maharagwe tu ndiyo yamepita ncha za fito,
sasa yanapapasa hewani, yanatafuta pa kushika.

Nikamwaga mbegu. Shomoro wakaja wote
kama watu wa matangani waliosikia sufuria.
Yule mweusi, mdomo rangi ya chungwa,
hakujali mbegu: alivuta nyungunyungu,
akavutwa, akavuta.

Nikapiga simu.
Mia moja thelathini na nane, nikasema, milimita.
Hakuuliza viazi. Hakuuliza mto.
"Na kifua chekundu?"

Yuko juu ya mpini wa uma wako wa kulimia,
nikamwambia. Kanigeuzia mgongo.
Ananisema.

Kimya. Kisha kicheko, kikohozi,
kicheko tena,
na sauti ya nesi ikimwomba simu.