Sakafu Isiyomo Kwenye Ramani

Wiki ya kwanza nilipewa kiti kisicho na mgongo,
kontena la bluu lenye feni moja, na kompyuta
iliyojaa mistari ya mtu aliyehamia Dodoma
bila kuniachia hata namba ya simu.
"Wewe ndiye ratiba," akasema Injinia Rweyongeza.
Hakusema mpanga ratiba. Alisema ratiba,
kisha akaenda kugombana na mtu wa nondo.

Ghorofa kumi na mbili, Kijitonyama, nyuma ya kituo cha mafuta.
Kwenye skrini zilikuwa zimeshasimama:
mstari chini ya mstari, kila mmoja ukimngoja mwenzake
kama ndoo kwenye foleni ya bomba,
na mmoja mwekundu, usiotaka kuchelewa,
ukipita toka msingi hadi paa.
Nje kulikuwa na shimo, vyura, na pampu iliyogoma.

Nikajifunza.
Kwamba kesho ya muuza kokoto haimo kwenye kalenda.
Kwamba mbao za kufungia nguzo hupotea siku ya mvua
na kuonekana jikoni kwa Siwatu, zikiwa makaa.
Kwamba Siwatu mwenyewe, akipima mchele alfajiri,
anajua kazi ya leo kuliko jedwali langu:
akibandika sufuria mbili, zege lipo;
akibandika moja, fundi Mkwizu ameshaambiwa jambo
ambalo mimi nitaambiwa saa nne.

Halafu ile Alhamisi.
Mkwizu aliniandikia kwenye kipande cha mfuko wa saruji:
*zege, saa 2, lori moja kwanza.*
Nikaagiza kiwandani vilevile, mbili, sifuri, sifuri,
nikaenda Tabata kwa dada yangu, nikalala
usingizi wa mtu mwenye ajira.

Sisi tunahesabu tangu jua lichomoze.
Mashine huanza kuhesabu gizani.

Saa nane usiku, Nandonde, mlinzi:
"Ratiba, kuna lori hapa. Linazunguka.
Dereva anasema umemwita wewe."
Nyuma ya sauti yake nikasikia tumbo la lori likisaga,
mita sita za ujazo,
na zege huwezi kuliambia lipitie baadaye.

Nilifika kwa bodaboda, kanga juu ya gauni la kulalia,
kofia ngumu kichwani.
Vibarua wanne wa stoo walikuwa macho, makoleo mkononi.
Nondo za nguzo hazijakaguliwa.
"Tumwage wapi?" wakaniuliza, mimi,
na kichwani mwangu hapakuwa na mstari hata mmoja.

Nandonde akamulika tochi kibandani kwake:
mabati, kitanda cha kamba,
matope ya masika yamepanda hadi nusu ya mguu wa kitanda.
"Hapa," akasema. Wala hakuwa anaomba.
Tukatoa kitanda, redio, ndoo, jozi ya viatu vya kanisani.
Tukamwaga.
Lililobaki tukalisukuma jikoni kwa Siwatu,
toka mafiga hadi mwisho wa benchi,
hadi lori likakohoa, tupu.

Asubuhi Rweyongeza alisimama juu yake, akagonga kisigino.
"Zege la nguzo," akasema. "Kibanda cha mabati."
Mshahara ukakatwa miezi mitatu.
Siwatu akapika sufuria moja na nusu;
hakujua siku hiyo aiite siku gani.

Sasa tuko ghorofa ya saba,
siku kumi na moja nyuma ya mstari mwekundu.
Maagizo yangu nayaandika kwa maneno:
*saa mbili asubuhi, jua limeshatoka.*
Kiwandani wananicheka. Waache.

Jana nilishuka kwenye jedwali hadi chini kabisa,
shughuli ya mia nne na kumi na mbili:
*kubomoa kibanda cha mlinzi, siku moja.*
Aliyeandika hivyo yuko Dodoma, hakuliona lile lori.
Nikafuta moja.
Nikaandika nne.