Doa la Majaribio

Fomu ya Thuweba ina maswali kumi na moja.
La saba: una maradhi yoyote ya ngozi au viungo?
Kalamu ikanitua hapo kama nzi juu ya haluwa.

Kwetu Mkoani wanasema nina mwili wa mpira.
Chuoni nilikuwa naivuta ngozi ya shingo, wenzangu wakacheka,
nakilaza kidole gumba mpaka kwenye kigasha.
Hakuna aliyeuliza mbona jeraha la goti
limepona likawa karatasi ya sigara.

Siku ya harusi Bi Nunuu alichemsha sukari na ndimu,
akapaka, akavuta.
Nywele zikatoka, na mimi nikatoka nazo,
kipande cha upana wa kiganja.
"Mwari mwororo huyu!" Akakimbilia liwa.
Bwana aliiona bendeji kabla ya hina.

Leo Michenzani, ghorofa ya pili, feni inalia.
Nikaandika: ndiyo. Na lile jina refu la hospitali,
herufi kwa herufi, kama anwani ya mtu ninayemdai.

Thuweba akavua miwani yake ya kijani.
"Miguu yote siipigi. Doa moja tu,
juu ya kifundo, moto mdogo. Kisha tungoje."

Tak. Ukindu umekatika.
Nauli ya meli, kwenda na kurudi,
kwa doa la ukubwa wa shilingi.

Siku ya kumi Mama anapiga simu:
zimetoka?
Nahesabu kwa tochi. Saba.
Na ngozi?
Ngozi ipo, Mama. Ipo.