Koti la Luhende

Kwa bibi, huku Igogo, hakuna ngazi. Kuna mazoea:
mguu wa kulia kwenye jiwe lenye ufa,
wa kushoto pale wanapomwaga maji ya dagaa,
kisha unashika bomba la jirani
na kumwomba radhi mbuzi.
Nina siku tatu tangu nirudi India.
Mkobani nimebeba tunda la msonobari.

"Mwadila, bibi."
"Mwadila, Nyamizi. Umekonda. Umeuona?"

Hakusema nini. Mwanza ina vilima vingi,
lakini nyumba hii ilikuwa na mlima wa ziada
ambao hakuna aliyeuona ila babu.

Luhende, askari wa Keya, alitolewa Burma na homa,
mifupa mitupu ndani ya kaptula,
akalazwa miezi miwili juu ya mawingu.
Akarudi na koti la sufu, vifungo vya shaba,
na habari ambazo Igogo nzima ilizicheka:
kwamba iko milima inayovaa kanzu mwaka mzima,
kwamba asubuhi maji ya ndoo huwa kioo, unagonga, yanalia,
kwamba alitazama mawingu chini yake
kama mtu atazamavyo kondoo wa jirani.
Wakamwita Barafu.
Kilabuni walimpashia pombe motoni kabla ya kumpa.
Alizikwa akiwa Barafu.

"Nimeuona, bibi."
Mji wenyewe mdogo, umebebwa mgongoni na kilima.
Kambi bado ipo; tarumbeta hulia alfajiri,
vijana wa jeshi hukimbia na mizigo, pumzi zao moshi.
Bustanini kuna mizinga miwili,
watoto wameikalia wanalamba aiskrimu.
Na kanisa la mawe, ukutani vibao:
kapteni fulani, aliangushwa na farasi;
luteni fulani, kipindupindu, miaka ishirini na miwili.
Hata mbwa wa kanali ana kaburi, ana na jina.
Nilisoma ukuta wote kwa kidole
mpaka mlinzi akaniletea kiti.

"Na babu yako?"
"Hayupo."

Bibi akaendelea kuchagua mchele. Jiwe moja. Jiwe la pili.
"Ataandikwaje? Ukutani wanaandika waliobaki.
Yeye alirudi.
Kama unamtafuta, kahesabu wale wanaogombana bombani."

Sikumwambia yote ya asubuhi ya tano,
ukungu ulipofunguka ghafla kama pazia la mgonjwa
na ile milima ikawa imesimama pale,
mieupe, mingi, karibu mno,
nami nikacheka kwa sauti peke yangu barabarani.
Nilitaka kuwaita wale wa kilabuni, mmoja mmoja kwa jina.
Wengi wao wako makaburini na kicheko chao.

Nikatoa tunda. Akaligeuza kiganjani.
"Magamba kama ya sato. Linaliwa?"
"Haliliwi."
Basi akalisukuma jikoni, chini ya mkaa,
na mimi mdomo wazi, nimechelewa.

Likashika moto. Likatoa utomvu, likalia chwii,
na moshi wake ukazunguka ile nyumba ya bati.
Bibi akaacha mwiko hewani.

"Hii ni harufu ya koti."

Nikanyamaza.

"Siku naolewa lilinuka hivi hivi.
Nikamuuliza, mwanamke gani wa huko anajipaka hivi?
Akaapa ni miti. Miti!
Nikalifua mara tatu kwa sabuni ya magadi.
Wale wa kilabuni walimcheka tu.
Mimi nililala naye miaka arobaini na tatu
nikijua ni mwongo."

Koti lilikuwa pale pale kwenye kigoda,
limeviringwa kwenye sufuria ya wali ili ujivishe,
kazi yake tangu babu afariki.
Akalikung'uta. Akalivaa,
jua la saa nane likiunguza bati,
akafunga vifungo kuanzia chini, kimoja kimoja,
hadi kile cha shingoni.

Wali ukapoa. Hatukuudai.