Nyundo ya Mkaguzi

Saa kumi na mbili kasorobo, Makadara ingali na umande,
na mimi nimeshainama chini ya behewa la kwanza.
Nagonga gurudumu: ngiii.
Nagonga la pili: ngiii.
Chuma kizima hujibu kama mtoto aliyeitwa chakula.
Kibovu hujibu kama mdeni,
hukohoa, kisha kimya.

Mabehewa ishirini na mawili wameyakokota kutoka nyasini,
nyuma ya karakana, kunguru walikozalia
miaka kumi na mitatu.
Wameyapaka kijani. Sina ugomvi na rangi,
rangi hufanya ilivyoagizwa.
Lakini chini ya kijani nawajua wenzangu:
4417 lilibeba magadi likanuka chumvi hadi kwenye boriti;
4420 lilizaliwa mwaka wangu,
lina kovu ubavuni tangu siku ile ya Kibwezi
ambayo sipendi kuisimulia.

Sasa yatabeba makaa ya mawe
ya vishimo vya Ukambani,
vishimo vya watu saba, watu tisa, winchi moja ya kuazima.
Wakubwa wana malori yao. Wakubwa hawaji hapa alfajiri.
Aliyekuja ni Syokau, mwenye shimo,
kucha nyeusi, leso safi kabisa,
risiti amezikunja ndani ya kitabu cha nyimbo za kanisa.
"Mzee Ondiege, lori hula nusu ya mzigo
kabla halijafika Athi River.
Nipe behewa lolote. Hata linalochechemea."

Kiprotich, msimamizi, kijana wa juzi, ana methali mfukoni:
"Ukuukuu wa kamba si upya wa ukambaa."
Ni kweli, namwambia,
lakini kamba hukukatikia mkononi.
Hili litakatikia mteremkoni,
na mbele yake ni Mukuru,
na watu wameanika nguo kando ya reli.

Nagonga 4420.
Gurudumu la tatu, upande wa kushoto.
Nagonga tena.
Navua kofia, utadhani kofia ndiyo inayoniziba masikio.
Syokau amesikia.
Hajawahi kuishika nyundo hii, ila amesikia,
maana hata shimo hutoa sauti kabla ya kuporomoka.
Haulizi. Anaitazama chaki yangu.

Wiki jana, zahanati ya Makongeni,
daktari mdogo alinivua shati,
akalaza kidole mgongoni, akakigonga kwa kidole kingine,
akahama, akarudi, akagonga palepale.
Nikamwambia: usinifiche, daktari,
hiyo ndiyo kazi yangu.
Akaandika kitu. Sikuomba kukisoma.

Nachora msalaba mweupe juu ya kijani kibichi.
Rangi haijakauka, chaki inateleza;
narudia, narudia, mpaka ishike.
"Mama, hili hapana. Chukua 4417.
Jaza nusu, usizidishe hata ndoo.
Makaa yako yatanuka magadi kidogo."
Anacheka, kicheko kifupi, hakina ufa.
"Na nusu nyingine?"
Hapo sina jibu. Kiprotich naye ameshika kalamu,
anaitazama fomu kama imeandikwa kwa lugha ya ng'ambo.

Bado kumi na tisa.
Nakohoa, napangusa mdomo kwa kiganja,
kiganja sikitazami.
Nainama.