Pale Mkono Ulipo Laini

Dukani kwa Hajati Sauya, nyuma ya mnara wa saa wa Mbale,
sichagui brashi kwa rangi ya mpini.
Nakunja mkono wa gauni hadi juu ya kiwiko
naisugua hapa, upande wa ndani,
pale muuguzi anapotafuta mshipa.
Ikiacha mistari myeupe, nairudisha kwenye ndoano.
Ikinitekenya, nauliza bei.

Wateja hucheka.
"Huyu anaosha magari au anaoga?"
Hajati hajibu. Ananitolea nyingine, ingali ndani ya nailoni,
ncha za nywele zake zimechanuka kama mashina ya nyasi kavu.
"Elfu kumi na nane," anasema, akitazama pembeni,
maana anajua hayo ni magari manne
na mchana wa chai tupu.

Sikiliza, Kuloba, wewe uliyekuja juzi na viatu vya shule.
Tope la Budadiri si tope tu.
Lina mchanga, na mchanga ni meno.
Ukilisugua kabla halijalowa
umeliamsha ling'ate.
Kwanza maji. Maji mengi, toka juu, bila mkono.
Acha gari lilie lenyewe.

Gurudumu lina ndoo yake: ile nyekundu, iliyopasuka ukingo.
Vumbi la breki ni chuma kilichosagwa;
likipanda mlangoni, hata "samahani" hailifuti.
Kwa ringi chukua hii nyembamba. Ishike shingoni,
ipenyeze kati ya mbavu
kama mtu anayetafuta sarafu chini ya kitanda.
Ncha yake ilikuwa chuma kitupu. Nimeivisha
mpira wa ndani wa baiskeli
nikaukaza kwa uzi wa kushonea magunia.
Ya waya?
Ya waya ni ya masufuria ya shule na kutu ya geti.
Nikiiona hapa, itakwenda na mto Nabuyonga.

Na brashi ikianguka, imekufa.
Usiipulize. Usiipanguse kwenye suruali.
Imekufa mpaka uioshe upya, unywele kwa unywele.

Yangu ilianguka mwaka ule wa mvua nyingi.
Niliiokota. Nilikuwa na haraka, Kuloba,
mtoto ana homa, simu inatetemeka kiunoni.
Korona nyeusi ya mwalimu Wetaka, boneti yote,
mizunguko midogo midogo,
kama nilivyofundishwa na asiyejua.
Chini ya wingu iling'aa kama kisima.
Alilipa. Akaongeza mia tano.
Ndipo jua likachomoza juu ya Wanale
na boneti nzima ikawa utando wa buibui,
na buibui ni mimi.

Aliona. Najua aliona, maana aliinama,
akapitisha kidole, akanyamaza
namna mwalimu anavyonyamaza mbele ya daftari
la mtoto aliyesoma kwa mwanga wa jiko.
Akaingia, akawasha, akaenda.

Miaka sita sasa huja kila Jumamosi.
Miaka sita naosha kosa langu kwa mikono yangu.
Haliondoki.
Linatakata tu.

Juzi alinikuta naitoa hii mpya kwenye nailoni.
Akafungua kifungo cha shati, akakunja,
akaninyoshea mkono wake mwembamba, wenye mvi hata huko:
"Hebu nijaribie mimi."
Nikasugua, polepole, pale pale palipo laini.
Alitazama mtoni kwa muda.
"Inatekenya," akasema. Basi. Hakuongeza neno,
na mimi nikaenda kuchota maji
ambayo ndoo ilikuwa nayo tayari.

Haya, shika. Usibonyeze.
Brashi ina uzito wake, unatosha.
Ukimaliza itundike kichwa chini, kivulini,
isije ikakauka imejikunja
na kesho ikamkwaruza mtu asiyesema.